Kuifufua Tamthilia ya Upelelezi Iliyokatishwa Iwe Filamu: Mwongozo kwa Watayarishaji wa Kanda ya Ziwa

Tamthilia ya upelelezi niliyoshiriki kuiandika ilikatishwa zikiwa zimebaki sehemu tatu kabla ya muuaji kutajwa. Kituo kilichokuwa kikiirusha kilibadilisha ratiba yake, malipo yakasimama, nasi tukakunja nyaya zetu tukaondoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipopita mwaloni Kirumba kununua dagaa, hakukosekana mtu wa kunisimamisha na kuniuliza ni nani hasa aliyemuua mwenye boti. Maswali hayo ndiyo yaliyotushawishi kurudi na kutengeneza filamu moja ya dakika 96, na kazi hiyo ilitufundisha mambo ambayo ningependa mtayarishaji mwingine wa Kanda ya Ziwa ayajue kabla hajatumia shilingi yake ya kwanza. Nitazieleza hatua kwa mpangilio ambao tulipaswa kuufuata. Ule tulioufuata ulitupotezea karibu mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: Fahamu tamthilia ni mali ya nani

Kisheria, tamthilia si kitu kimoja. Ndani yake mna mswada wa kila sehemu, jina la tamthilia, wahusika pamoja na historia zao, picha zilizorekodiwa, muziki wa ufunguzi na hata nembo inayotokea mwanzoni, na kila kimojawapo kinaweza kuwa na mwenyewe wake. Sisi tulikuwa tumeshaandika kurasa 40 za filamu ndipo tukaufungua tena mkataba wetu wa zamani na kuona kwamba jina la tamthilia na picha zote zilizorekodiwa ni mali ya kituo, ilhali kuhusu wahusika mkataba haukusema neno. Ukimya huo ulitugharimu miezi mitano ya mazungumzo, kwa kuwa kila upande uliusoma kwa namna iliyoufaa.

Kwa hiyo kusanya mikataba yote, ikiwemo ya mtunzi wa muziki na ya waigizaji, uipeleke kwa wakili anayeifahamu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kinga ya hakimiliki haisubiri usajili, lakini cheti cha Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, ni ushahidi mzuri endapo mtagombana, na ni vyema mswada mpya usajiliwe pale unapokamilika. Andika orodha ya kila kipengele na jina la mwenye nacho pembeni yake. Penye shaka, weka alama, wala usijifariji kwamba hakuna atakayeuliza. Filamu ikianza kuingiza fedha, watu huuliza.

Baada ya hapo amua unaomba nini. Unaweza kuomba kuhamishiwa haki moja kwa moja, jambo ambalo vituo hulikataa mara nyingi, au unaweza kuomba leseni ya kutengeneza filamu moja kwa kutumia jina na wahusika wale. Leseni itaje miaka ya matumizi, kama inaruhusu filamu ya pili, kama inahusu kumbi za sinema, televisheni na mitandao pia, na ni nani atakayekuwa na neno la mwisho juu ya mswada. Jambo hilo la mwisho ndilo ningelipigania kuliko hata mgawanyo wa mapato, kwa sababu kituo kilichokatisha tamthilia kina mawazo yake kuhusu sababu za kukatishwa kwake, na mawazo hayo yakipewa nguvu ya mkataba yataingia ndani ya hadithi.

Wapo wanaodhani kwamba mapenzi ya watazamaji yanaweza kuchukua nafasi ya haki. Mfano wa Veronica Mars unaonyesha vinginevyo. Tamthilia hiyo ya Kimarekani kuhusu msichana mpelelezi ilikatishwa mwaka 2007, na mtunzi wake, Rob Thomas, akakaa miaka kadhaa akitafuta njia ya kuigeuza filamu. Tarehe 13 Machi 2013 alianzisha mchango katika mtandao wa Kickstarter akiomba dola milioni 2, na watu zaidi ya 91,000 wakachangia takriban dola milioni 5.7, filamu ikatoka Machi 2014. Habari hiyo husimuliwa kama ushindi wa mashabiki, nao walistahili pongezi, lakini mchango ule haukuanza mpaka studio ya Warner Bros., waliokuwa na haki za tamthilia, walipokubali, na fedha zilizochangwa hazikuwafanya wachangiaji kuwa wamiliki wa chochote. Ruhusa ilitangulia, fedha zikafuata.

Ikiwa mwenye haki atakataa kabisa, usichukue njia ya kubadilisha herufi mbili za jina la mpelelezi na kuendelea. Wazo la askari mstaafu anayechunguza vifo kando ya ziwa halimilikiwi na mtu. Kinachomilikiwa ni mhusika yule kama alivyoandikwa, maneno yake na matukio yake. Tunga mpelelezi mpya kwa moyo mmoja, au subiri.

Hatua ya pili: Chagua kesi moja, nayo iwe mpya

Hapa ndipo pazito kuliko pote, na hapa ndipo filamu nyingi za namna hii hupotea. Mwandishi aliyekatishwa ana hamu ya kumaliza alichokianza, hivyo hukaa na sehemu zilizobaki na kuzikandamiza ziingie ndani ya saa moja na nusu. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa hivyo. Ilikuwa na wahusika 17 wenye majina, watuhumiwa saba, na dakika ishirini za mwanzo za watu wakikumbushana mambo ambayo walikuwa wanayajua. Tulimpa dada mmoja anayeuza vitambaa Makoroboi, ambaye hakuwahi kuitazama tamthilia, aisome. Alifika ukurasa wa 12 akauliza kama kuna kitabu anachopaswa kusoma kwanza. Tuliiweka kando rasimu ile siku hiyohiyo.

Linganisha mifano miwili. Police Squad! ilirushwa na ABC ya Marekani mwaka 1982 kwa sehemu 6 tu kisha ikakatishwa. Mwaka 1988 watunzi wake walimchukua mpelelezi wao, Frank Drebin, aliyeigizwa na Leslie Nielsen, wakampa kesi nyingine kabisa katika filamu The Naked Gun, na mtu ambaye hakuwahi kuona hata sehemu moja ya tamthilia aliweza kuifuata tangu mwanzo. Filamu hiyo ilizaa nyingine mbili, mwaka 1991 na 1994. Kwa upande mwingine, Twin Peaks, iliyokatishwa mwaka 1991, ilifuatiwa mwaka 1992 na filamu iliyorudi nyuma kusimulia siku za mwisho za Laura Palmer, msichana ambaye watazamaji wa tamthilia walikwisha kumjua muuaji wake. Mimi naipenda filamu hiyo kwa ujasiri wake, na leo ina watetezi wengi, lakini ilipotoka Marekani watazamaji hawakujitokeza, na mgeni aliyeingia ukumbini bila kuijua tamthilia alikuwa na kazi kubwa mbele yake.

Kinachostahili kuvuka kutoka tamthilia kwenda filamu ni namna mpelelezi wako anavyotazama dunia. Mpelelezi wetu ni mama aliyestaafu upolisi, ambaye kwa miaka mingi alizishika saa za kivuko cha Kigongo–Busisi kama anavyoyashika majina ya wajukuu zake. Katika tamthilia, ujuzi huo ndio uliovunja uongo wa watuhumiwa wengi: mtu akidai kwamba usiku wa tukio alikuwa ng'ambo, Sengerema, mama alijua kivuko cha mwisho kiliondoka saa ngapi na foleni ilikuwa ya urefu gani. Lakini Daraja la J.P. Magufuli, lililojengwa kati ya Kigongo na Busisi na lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na safari iliyotegemea foleni ya kivuko imekuwa ya dakika chache kwa gari, mchana na usiku. Hapo tukapata filamu yetu. Mama anamwondolea mtu shaka kwa hesabu ya zamani, hesabu ambayo mwili wake umeizoea kiasi kwamba hajiulizi, na mtu huyo ndiye mwenye hatia. Mtazamaji wa zamani anaumia kwa sababu anamfahamu mama. Mtazamaji mpya anaelewa kwa sababu kila mkazi wa Mwanza anajua daraja lilibadilisha nini.

Ukishaipata kesi, iandike kwa kurudi nyuma. Anza na ukweli: nani alifanya nini, wapi, saa ngapi, na kwa nini. Chora jedwali la saa za siku ya tukio, kila mhusika na safu yake, uhakikishe kwamba hakuna mtu aliye Nyegezi na Igombe kwa wakati mmoja. Kisha chagua dalili tatu au nne ambazo mtazamaji ataziona kwa macho yake kabla mpelelezi hajazieleza. Dalili nzuri hutoka katika maisha ya mahali penyewe. Sisi tulikuwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mzaliwa wa Kisesa, ambaye katika tukio la jioni anamwamkia mzee kwa kusema "mwangaluka", salamu ya asubuhi, pale ambapo Msukuma angesema "mwadila". Mama hasemi kitu. Kamera inakaa kwenye uso wa mzee nusu sekunde zaidi, basi. Katika maonyesho ya kwanza, mabibi waliokaa mstari wa mbele walinong'onezana papo hapo, na watu wa Dar es Salaam hawakuona chochote hadi mwishoni. Wote walitendewa haki, kwa kuwa dalili ilikuwepo.

Fuata pia taratibu za kazi ya polisi. Majeruhi ana PF3 yake, yaani fomu ya polisi ya matibabu, mkuu wa upelelezi wa mkoa ana mamlaka yake na mkuu wa kituo yake, na mstaafu hana ruhusa ya kumhoji mtuhumiwa mahabusu. Vikwazo hivyo vikiheshimiwa huipa hadithi msuguano ambao haulazimishi mtu kurusha ngumi.

Na lile swali lililoachwa na tamthilia? Lijibu, kwa sababu watu wamelisubiri, lakini lijibu ndani ya tukio moja katikati ya filamu, kwa maneno machache ambayo mgeni atayachukulia kama historia ya mpelelezi. Kwetu, mama anasimama kaburini kwa mwenye boti na kumtaja aliyemuua, katika dakika ya 51. Tukio lina urefu wa dakika mbili na nusu.

Hatua ya tatu: Wapate waigizaji kabla ya rasimu ya mwisho

Uwe na kauli ya maandishi ya mhusika mkuu kabla hujakamilisha mswada. Katika filamu ya Twin Peaks, Kyle MacLachlan alikubali nafasi ndogo tu ya mpelelezi wake, na nafasi ya rafiki wa Laura Palmer ikabidi ichukuliwe na mwigizaji mwingine, Moira Kelly. Mabadiliko ya namna hiyo mswada unapaswa kuyajua mapema. Miaka iliyopita isifichwe kwa rangi ya nywele. Kama mwigizaji amenenepa, amepata mvi au anatembea kwa mkongojo, mwandikie hivyo, na mtazamaji atampokea kama jirani aliyekuwa safarini.

Hatua ya nne: Tafuta fedha bila kuahidi usichokuwa nacho

Tengeneza bajeti kwa siku za kupiga picha. Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu, na kikundi kidogo kinachofanya kazi vizuri hukamilisha kurasa nne au tano kwa siku. Filamu yetu ilichukua siku 21, tatu kati yake zikiwa za kurudia. Chakula, usafiri wa boti na mafuta ya jenereta vilikula sehemu kubwa kuliko kamera, jambo ambalo watayarishaji wa nchi kavu hawalitazamii.

Ukichangisha kwa watazamaji wa zamani, fungua akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili, utoe taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi hata pale ambapo hakuna cha kujivunia. Zawadi za wachangiaji ziwe vitu ambavyo una uwezo wa kuvifikisha mkononi mwao. Wachangiaji wengi wa Veronica Mars waliahidiwa nakala ya kidijitali, na ilipofika siku yenyewe wakashindwa kuipata kwa urahisi kupitia huduma waliyoelekezwa, hadi malalamiko yakalazimu baadhi yao kurejeshewa fedha walizotumia kuinunua kwingine. Sisi tuliahidi kiti katika onyesho la kwanza na jina kwenye orodha ya mwisho wa filamu, tukatimiza vyote viwili. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wasanii. Uombe ukiwa tayari na leseni ya haki mkononi.

Hatua ya tano: Vibali

Mswada hupelekwa Bodi ya Filamu Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, kwa ajili ya kibali cha kupiga picha, na filamu iliyokamilika hurudi huko kukaguliwa na kupangiwa umri wa watazamaji kabla haijaonyeshwa. Muone Afisa Utamaduni wa wilaya mapema. Sare na magari ya polisi vinahitaji ruhusa ya Jeshi la Polisi, droni inahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ukitaka kupiga picha Saanane kumbuka kwamba kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa. Mwaloni, zungumza na uongozi wa mwalo na wenye mitumbwi ana kwa ana, alfajiri wakiwa na nafasi, si kwa barua.

Hatua ya sita: Piga picha kwa saa za ziwa

Ratiba iliyotengenezwa mezani huvunjwa na upepo. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Kuanzia mchana upepo huingia kutoka majini, mawimbi hupanda na sauti za waigizaji humezwa, kwa hiyo mazungumzo yote ya ndani ya boti yapangwe kabla ya saa 5 asubuhi. Mwanza iko karibu na Ikweta, na machweo yake ni ya haraka. Ule mwanga wa kijivu baada ya jua kuzama, unaopendeza sana katika hadithi ya upelelezi, hudumu takriban dakika 20. Fanyeni mazoezi ya tukio hilo siku nzima, mkijua kwamba mtalipiga mara mbili, tatu kwa bahati.

Kama unataka taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa usiku kama mji mwingine juu ya maji, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe. Wavuvi hutoka katika giza, kwa kuwa taa ndiyo inayowavuta dagaa, na mwezi mpevu ukiangaza wengi hubaki nyumbani. Sisi tulifika Igombe na jenereta na watu 22 usiku wa mwezi mpevu, tukaliona ziwa jeupe lisilo na taa hata moja. Tulirudi baada ya siku kumi na mbili. Jiwe la Bismarck lina uzuri wake, ila ningelitumia mara moja tu, na kwa mbali. Mawe ya Mabatini yenye nyumba zilizobanana juu yake, ngazi zake na vichochoro vyake, yanamfaa zaidi mtu anayekimbia.

Usalama hauna njia ya mkato. Kila aliye kwenye boti avae jaketi okozi, pamoja na mwigizaji, ambaye atalivua pale tu kamera inapowashwa huku mwogeleaji mzoefu akiwa jirani. Watu wa ziwa hili walizika ndugu zao baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Hadithi ikihusu kifo cha majini, waulize wenyeji kabla ya kuchagua mahali pa kulitengeneza tukio hilo. Tulishauriwa tusogee mbali na ufuko mmoja ambako familia kadhaa zilipokea miili ya wapendwa wao, tukasogea.

Hatua ya saba: Kuhariri, kuonyesha na kuhifadhi

Mhariri awe mtu ambaye hakufanya kazi katika tamthilia. Wetu aliondoa dakika 14 ambazo sisi wenyewe tusingethubutu kuzigusa, nyingi zikiwa za wahusika wa zamani wakipita kusalimia. Mazungumzo ya Kisukuma na Kikerewe yawekewe tafsiri ya maandishi, isipokuwa pale ambapo kutafsiri kunafichua dalili. Onyesho la kwanza lifanyike hapa hapa, mbele ya watu waliopigwa picha, ndipo uipeleke ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na kwa wanunuzi wa televisheni.

Mwisho, nunua diski mbili za kuhifadhia picha ghafi, mswada, mikataba na risiti. Moja ibaki Mwanza, ya pili ikae kwa mtu unayemwamini katika mkoa mwingine, na kila baada ya miezi sita zifunguliwe zote kuhakikisha zinasoma. Sehemu tatu za mwisho za tamthilia yetu zilikuwa zimesharekodiwa nusu wakati ilipokatishwa. Tulipoomba picha hizo kwa ajili ya filamu, tuliambiwa kwamba diski zilifutwa na kutumika kwa kazi nyingine, na kilichobaki ni picha tano za simu alizokuwa nazo mpishi wetu.